Baiskeli Niliyonunua kwa Ng'ombe wa Mama

Mama alipofariki, nilipata Jumamosi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na sijui namna nyingine ya kulisema bila kudanganya. Kwa miaka sita alikuwa kitandani nyumbani kwangu Pasiansi, upande wake wa kushoto hausogei. Mimi nilikuwa mfanya usafi katika nyumba ya wageni upande wa Ilemela, na kila nilipotoka kazini nilirudi mbio kumgeuza, kumlisha na kumfulia. Sikuwa na siku ya kwangu. Tulipokwisha kumzika nyumbani Misungwi, nikarudi mjini, na Jumamosi ya kwanza niliketi kizingitini tangu asubuhi nisijue mikono niiweke wapi.

Ndiyo siku niliyowaona waendesha baiskeli. Bila shaka walikuwa wakipita siku zote, ila sikuwahi kuwa nimekaa nje saa ile. Walikuwa kama kumi, wamevaa kofia ngumu, wanaelekea uwanja wa ndege. Tairi zao zilikuwa nyembamba kama kidole gumba, na walipopita nilisikia mlio kama wa karatasi inayochanwa polepole. Wawili kati yao walikuwa wanawake. Mmoja alikuwa wa rika langu, amenenepa kidogo kama mimi, na alikuwa anacheka.

Kwetu Usukumani baiskeli si jambo geni. Nilijifunza kwenye baiskeli ya baba nikiwa mdogo, nikipitisha mguu chini ya bomba la juu kwa sababu sikufika kwenye kiti. Baiskeli ilibeba maji, mkaa, mahindi, mbuzi, wagonjwa. Mama mwenyewe nilimpeleka zahanati mara nyingi akiwa kwenye keria, ameshika mkanda wangu. Lakini baiskeli ilikuwa kazi. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu mzima anaweza kupanda moja asiwe amebeba kitu, asiwe anakwenda kuchukua kitu, akafurahi tu.

Jumamosi ya tatu yule mwanamke alisimama kwenye duka la jirani kununua maji. Nilimsogelea. Nilitaka kusalimia tu, lakini mkono wangu ukatangulia kwenye baiskeli.

"Inua," akaniambia.

Nikakaza mgongo kama ninavyoinua baiskeli ninazozijua. Nusura nijigonge mdomo. Ilikuja juu kama kikapu kitupu.

"Haya, panda. Nenda mpaka kwenye ile nguzo ya umeme urudi."

Nilikuwa na kitenge. Nikakikunja, nikakifunga kiunoni juu ya suruali niliyokuwa nimeivaa kwa ajili ya kudeki, nikapanda. Naweza kusema mengi kuhusu ile safari ya kwenda nguzoni na kurudi, lakini lililo kweli ni kwamba niligusa pedali mara moja na nyumba za jirani zikaondoka. Nilirudi, nikashuka polepole.

"Dada," akasema, "tafuta ya kwako. Sisi tunapita hapa kila Jumamosi."

Sasa niseme kuhusu fedha, maana bila hiyo hadithi hii haipo. Mama aliacha ng'ombe wachache, na ndugu walipowagawana, jike mmoja mwekundu nikapewa mimi kwa sababu nilimuuguza mama. Nilimuuza mnadani, nikabaki na shilingi laki tatu na nusu baada ya kulipa vilivyopaswa kulipwa. Katika ukoo wetu anayepewa kitu cha marehemu haulizwi siku ile. Huulizwa mwaka ukitimia, siku ya kumaliza msiba, mbele ya watu wote: ulichopewa umekifanyia nini? Na jibu lako hukaa. Nina binamu ambaye mpaka leo anaitwa kwa jina la redio aliyoinunua kwa mbuzi wa babu yake. Redio yenyewe ilikufa mwezi wa pili.

Kaka yangu mkubwa alishauri bati. Mke wake alishauri cherehani. Niliwaambia nitaona. Nilikuwa nimeshaona, lakini niliogopa. Fedha ilikuwa moja, nafasi ilikuwa moja, na wa kuniuliza angekuwa mama mdogo, mdogo wake mama, aliyebaki peke yake kati ya watoto wa tumbo lile. Mama mdogo hana mchezo. Nikinunua kitu kibovu, nitakuwa nimemla ng'ombe wa mama mara mbili, kwa kumuuza na kwa kumpoteza.

Nikaenda kwa fundi wa baiskeli. Kibanda chake kimeegemezwa kwenye jiwe kubwa kando ya barabara, hata ukuta wa nyuma ni hilo jiwe. Ni mzee wa Ukerewe, na tumetaniana miaka yote.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Msukuma leo umekuja kwa miguu. Unaumwa?"

"Nataka kununua baiskeli. Ile ya resi."

Akaweka spana chini. "Ya resi. Wewe."

"Mimi."

"Mkaa utaufunga wapi?"

"Sibebi mkaa."

"Msukuma na baiskeli, habebi kitu," akasema, akatikisa kichwa. "Leo nimeona."

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akawa mtu wa kazi. Akaniambia kwamba baiskeli ya mzigo ikikuzidi kimo haidhuru, kwa sababu nusu ya safari unaisukuma. Ya resi unailalia. Ikikuzidi, itakuvunja mgongo, shingo na mikono, na mwisho utaitundika ukutani. Kwa hiyo kwanza mguu. Akanikatia uzi wa kushonea magunia. Akaniambia, akiangalia pembeni kwa heshima, niende nyumbani nikasimame ukutani bila viatu, nibane kitabu juu kabisa katikati ya miguu, kisha nipime kutoka kwenye kitabu hadi sakafuni na kufunga fundo.

Kitabu kilichokuwa karibu kilikuwa cha nyimbo za kanisani. Nilikitazama, nikakirudisha mahali pake, nikatafuta daftari.

Nilipomrudishia uzi, aliukunja mara tatu akafunga fundo la pili kwenye theluthi mbili. "Kutoka katikati ya ekseli ya pedali mpaka bomba la kiti linapoishia," akasema, "isizidi fundo hili. Rangi usiangalie. Na usitoe fedha kabla sijaiona."

Kwa miezi miwili nilitembea na ule uzi kwenye pochi. Nilikwenda kwa wauzaji wote wa baiskeli za mtumba niliowasikia, wale wanaozipanga barabarani zikiwa bado na vumbi la safari kutoka Dar. Nyingi ni za watoto, au za tairi nene za mlimani, au zile zenye kikapu mbele. Za resi ni chache. Moja ilikuwa na uma wa mbele uliopinda kidogo, nikajua imegonga kitu. Nyingine haikuwa na gurudumu la nyuma na muuzaji alisema hilo ni jambo dogo. Moja ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, nyeusi, na bei yake ilikuwa mara mbili ya ng'ombe wangu. Hata hiyo niliipima. Nilizoea kupima kila kitu. Jirani yangu aliniuliza kwa nini ninapima baiskeli yake iliyooza kutu uani, nikaurudisha uzi kwenye pochi.

Nitakuwa mwongo nikisema miezi ile nilikuwa na huzuni tu. Nilikuwa naamka kabla ya saa, moyo unadunda kama mtoto anayengoja sikukuu. Nikideki vyumba nilikuwa nahesabu gia. Halafu katikati ya furaha nilikumbuka kwa nini nina muda wa kufurahi, nikasimama na ufagio mkononi. Kisha nikaendelea.

Mwezi wa pili nikaiona nyekundu. Ilikuwa inang'aa, ina breki za sahani kama za pikipiki, maandishi meupe ubavuni, na bei yake ilikuwa ndani ya fungu langu. Nikatoa uzi. Fremu ilipita fundo kwa vidole vinne. Nikaurudisha uzi nikapima tena, na safari hii, nasema ukweli, niliuvuta. Nilitaka kuudanganya uzi.

"Utaizoea tu mama," muuzaji akasema. "Watu wote wanazoea."

Nilimwomba aniwekee mpaka kesho. Nikaenda kwa fundi nikamwambia nimepata, inakaribia kunitosha.

"Inakaribia kwa vidole vingapi?"

"Vinne. Nitazoea."

"Nani atazoea?"

"Mimi. Mguu wangu."

"Mama, mguu hauzoei kurefuka."

Nilikasirika nikaondoka bila kumuaga. Niliporudi nyumbani nililia, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kulia tangu mazishi. Makaburini sikulia, watu waliona na wakasema. Sasa nililia kwa ajili ya baiskeli nyekundu. Au sijui kama ilikuwa kwa ajili yake. Kesho yake sikwenda kuichukua.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyekuja mlangoni kwangu kila asubuhi, muuza maziwa. Ni baba wa watoto watatu, mwembamba, hukusanya maziwa kwa wafugaji wa pembeni mwa mji na kuyaleta kwa baiskeli katika madumu mawili ya lita ishirini. Kwa miaka miwili alikuwa ananiletea nusu lita ya mama. Mama alipofariki, sikujua nimwambieje asije. Kwa hiyo aliendelea kuja, na mimi niliendelea kununua, kisha nampa jirani mwenye watoto. Mimi sinywi maziwa.

Asubuhi moja, kama siku nne baada ya ile nyekundu, alikuwa anapima maziwa kwenye sufuria yangu na mimi nilikuwa nimesimama sina la kufanya, nikatazama baiskeli yake aliyoiegemeza kwenye jiwe. Nilikuwa nimeiona mara mia saba. Ilipakwa rangi ya buluu ya milango. Ilikuwa na keria ya nondo pana kama kitanda cha mtoto, na mabomba yake yamezungushiwa vipande vya mpira wa tyubu ili madumu yasiyakwaruze. Usukani ulielekea juu kama pembe za ng'ombe.

Nikatazama zile pembe. Nikainamisha kichwa, kisha nikakigeuza zaidi, mpaka nikawa kama mtu anayechungulia uvunguni. Ukizigeuza pembe zile ziangalie chini, zilikuwa usukani wa resi.

Nikaangalia rimu. Nyembamba. Nikaangalia bomba la chini, na pale chini ya mpira kulikuwa na vijiti viwili vidogo vya kubadilishia gia, vimefungwa kabisa ili visisumbue. Niliingia ndani nikachukua pochi, nikatoka, nikachuchumaa kwenye baiskeli ya mtu nikaanza kupima. Fundo la pili lilikaa pale pale bomba lilipoishia.

"Mama, kuna nini?" akauliza muuza maziwa, sufuria bado mkononi.

"Hii baiskeli yako unaipenda?"

"Kuipenda? Hii ni kama mke wa kuchaguliwa na wazazi. Nilimsaidia mtu aliyekosa nauli, akaniachia. Kila wiki spoku. Tairi zake zinauzwa duka moja tu mjini, na mwenye duka anajua. Usukani wake ulikuwa unaniinamisha kama ninayetafuta sindano, nikaugeuza."

"Nikikununulia mpya ya mzigo, ile nyeusi ya chuma kitupu, utanipa hii?"

Akanitazama. Akaweka sufuria chini taratibu, kama mtu aliye karibu na mgonjwa.

"Mama," akasema, "pole sana na msiba."

Ilinichukua muda kumshawishi kwamba akili zangu zilikuwa timamu. Mwishowe tulikubaliana tukutane kwa fundi kesho yake akimaliza kugawa maziwa.

Fundi alipotuona tumeongozana na ile baiskeli, alidhani kuna spoku nyingine. Nilipomwambia ndiyo hii, alikaa juu ya kiboksi chake cha zana. "Nimeitengeneza miaka miwili kwa mikono yangu," akasema. "Nimeifunga keria mimi mwenyewe." Ndivyo tulivyo huku kwetu. Baiskeli yoyote ikikosa keria tunaihurumia, tunaona kama imeletwa ikiwa pungufu, na kazi ya kwanza ya fundi ni kuimalizia. Akaanza kufungua boliti huku anajisema peke yake. Kilichoiokoa ni kwamba alikuwa ameifunga kwa vibanio na mipira. Angeichomelea kwa moto, fremu ile ingekuwa imekwisha.

Alipomaliza kuivua, akatoa sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio kuukuu, akaipitisha pole pole juu ya mabomba yote. Aliniambia kwamba ikiwa kuna ufa uliozibwa kwa gundi na kupakwa rangi juu, sumaku itapoteza nguvu hapo. Sumaku ilipita kwenye maungio ya mbele, ikashika. Chini, kwenye pedali, ikashika. Nyuma ikashika. Kisha akalizungusha gurudumu na kusikiliza, akagonga spoku moja moja kwa ukucha.

"Hii," akasema, "walioitengeneza walikuwa watu."

Hapo nilikuwa tayari kutoa fedha, lakini palikuwa na neno moja la kusema kwanza. Nikamwambia muuza maziwa, "Nisikilize. Hii ikisafishwa na kuuzwa kwa watu wanaoijua, inaweza kuzidi bei ya hiyo mpya nitakayokununulia. Nakuambia kabla hatujapeana mikono."

"Hiyo mpya inabeba lita ngapi?"

"Wanasema themanini."

"Hii yako itabeba ngapi?"

"Hakuna."

"Basi mama, mimi ndiye ninayeona kama ninakuibia. Nisamehe."

"Ninyi wawili mmelogwa," fundi akasema. "Peaneni mikono kabla hamjapona."

Tukapeana. Mchana ule tulinunua ile nyeusi. Muuza maziwa aliijaribu kwa namna anayoijua: alifunga madumu yote mawili yakiwa yamejaa maji, akamwambia fundi apande juu yake, kisha akasukuma mlimani. Fundi alishuka akisema hajawahi kuheshimiwa hivyo. Kesho yake asubuhi muuza maziwa alikuja mlangoni akiwa juu ya baiskeli yake mpya kama bwana harusi, akapiga kengele ingawa nilikuwa nimesimama mbele yake. Siku ile nilimwambia kwamba maziwa basi, kwamba aliyekuwa akinywa ni mama. Akasema alijua. Alikuwa anangoja niseme mwenyewe.

Kilichobaki katika fedha kilitosha tairi mbili, moja mpya na moja iliyotumika, waya za breki na mipira yake. Nilifanya kazi kwa fundi siku tatu, nikitoka tu kwenye usafi. Aliniachia kusugua. Kwenye maungio yote kulikuwa na maziwa yaliyokauka tangu sijui lini, na harufu yake ilinikaa vidoleni wiki nzima. Ile buluu ya milango nilipenda kuitoa lakini fundi alisema rangi haiongezi mwendo. Siku ya tatu akalegeza boliti moja, akaugeuza usukani ukaangalia chini, akakaza. Baiskeli ikabadilika sura mbele ya macho yangu, kama mtu aliyeinua mikono juu muda mrefu na sasa ameishusha.

Nilianza kwenye barabara ya uwanja wa ndege, asubuhi mapema, kabla magari hayajawa mengi. Nilivaa suruali ya michezo na sketi juu yake, kwa sababu ya watu wa kanisani. Mita mia za kwanza niliogopa sana. Usukani ulikuwa mwepesi mno, nikifikiri kushoto tu unakwenda kushoto. Halafu nikaelewa kwamba sihitaji kushindana nayo. Nikateremsha mikono kwenye pembe, mgongo ukalala, na upepo uliokuwa unanipiga kifuani ukapita juu yangu. Nikavuta kile kijiti cha gia. Cheni ikaruka, ikalia kidogo, ikatulia, na miguu yangu ikapata kitu cha kusukuma. Sikuwa nimewahi kwenda kasi ile kwa nguvu zangu mwenyewe. Ziwa lilikuwa linaonekana na kupotea kati ya nyumba na mawe, na mimi nilikuwa nacheka peke yangu, mdomo wazi, mpaka nikameza mdudu.

Kwenye mteremko nilimpita bodaboda. Alinifikia mbele akapunguza mwendo akaniangalia.

"Mama, unakwenda wapi mbio hivyo?"

"Siendi popote."

Akafikiri kidogo. "Haya, wahi," akasema.

Jumamosi iliyofuata nilitoka na wale waendesha baiskeli. Niliachwa nyuma, wakaningoja, nikaachwa tena. Yule mwanamke aliipapasa fremu yangu akauliza nimeipata wapi. Nikamwambia ilikuwa inaniletea maziwa.

Mwaka ukatimia. Kumaliza msiba kulipangwa iwe Jumamosi, na kaka alinipigia simu kusema niwahi gari la asubuhi. Nikamwambia nitafika. Sikulala vizuri. Hofu yangu ilikuwa ile ile: nikifika kwa gari nikasema nimenunua baiskeli, watasikia redio ya binamu. Ningependa waione. Lakini kutoka Pasiansi hadi Misungwi ni kama kilomita hamsini na sikuwahi kwenda hata nusu yake. Nikifika kwenye lori la mtu, baiskeli imening'inia nyuma, hilo ndilo lingekuwa jina langu mpaka kufa.

Niliondoka saa kumi na mbili, nguo za msibani zimefungwa mgongoni. Nilipita mjini kukiwa bado na ubaridi. Buhongwa nilikunywa chai nikiwa nimesimama, sikuthubutu kukaa. Usagara, mahali barabara zinapogawanyika, miguu ilianza kuuma, na baada ya hapo palikuwa na upepo wa mbele na malori, na kila lori likinipita nilishika usukani kama ninayeshika mtoto. Niliwaza kushuka mara mbili. Kisha kukaja sehemu ndefu iliyo sawa, mashamba ya mpunga pande zote, na sijui nguvu zilitoka wapi. Niliweka gia nzito nikaenda. Watu shambani walinyanyua vichwa. Mtu mmoja aliinua jembe lake juu, na mimi sikuweza kuachia mkono kumjibu.

Nilifika saa tatu kasoro. Watu walikuwa wameshakaa uani. Nilibadilisha nguo, nikasalimia wakubwa kwa magoti, magoti hayakutaka kuinuka tena, na baada ya sala na kwenda kaburini tukarudi kukaa. Kaka aliulizwa akajibu: ng'ombe wake amezaa. Wengine wakajibu. Kisha mama mdogo akanigeukia.

"Na wewe uliyemuuguza. Ulichopewa umekifanyia nini?"

"Nimenunua baiskeli."

"Ya biashara?"

"Hapana."

"Ya kwendea kazini?"

Ningeweza kusema ndiyo. Wote wangeridhika. "Kazini naenda kwa miguu," nikasema. "Ni ya kuendesha tu. Inanifurahisha."

Kaka akasema, akijaribu kunisaidia na kunisuta kwa pamoja, kwamba baiskeli yenyewe ameiona, haina hata keria, haiwezi kubeba ndoo ya maji.

"Inabeba nini?" mama mdogo akaniuliza.

"Inanibeba mimi."

"Kutoka wapi?"

"Leo kutoka Pasiansi."

Alinitazama miguu, kisha akaitazama ile baiskeli ya buluu ukutani. Alikuwa amekuja kwangu mara mbili tu katika ile miaka sita, na zote mbili alinikuta nafua. Nadhani alikuwa anakumbuka hilo, ila sikumuuliza, kwa hiyo siwezi kuliandika kama kweli.

"Mpeni ale," akasema. "Nyama, si mchuzi mtupu. Ana njia ya kurudi."

Na kwa ukoo wetu hilo lilikuwa limekwisha. Kaka bado anasema ingekuwa bati. Mvua ikinyesha sana, hata mimi humwona ana hoja.

Mchana mama mdogo alinisindikiza mpaka lami. Nilisukuma baiskeli, yeye akatembea upande wa pili ameweka mkono juu ya kiti. Aliniuliza kama mama aliumia sana mwishoni, na nikamwambia ukweli. Tulipofika barabarani akaondoa mkono.

"Panda sasa," akasema, "nikuone."

Nikapanda. Nilisikia anasema kitu nyuma yangu, lakini sikugeuka, kwa sababu baiskeli ile ukigeuza kichwa nayo inageuka. Nikainama, nikavuta gia, na upepo wa mchana ulikuwa mgongoni.